Raymonde de Laroche jukwaani: ndege yake ya Voisin ilishikwaje, na makosa gani tuyaepuke?

MwalimuKampemba

Jambo wote. Kikundi cha maigizo cha wasichana wa miaka 14 hadi 17, hapa Lubumbashi, kinatayarisha mchezo wa Machi 8 juu ya Raymonde de Laroche, mwigizaji wa Paris aliyekuja kuwa mwanamke wa kwanza duniani kupewa leseni ya urubani. Jukwaa lina upana wa mita 7 na kina cha mita 5.

Andiko tulilopewa linakwenda hivi: binti wa kibaroni anapanda ndege, mwalimu amekaa nyuma yake kamshika mabega. Siku moja mwalimu anageuka kidogo, binti anaiba ndege na kupaa. Mwishoni anapokea leseni Machi 8 huku wanawake wa Paris wakiisherehekea siku yao. Linapendeza, ila lina harufu ya uongo.

Naomba kujua: mwalimu alikaa wapi? Mikono yake ilifanya nini hasa? Tunaweza kuunda ndege ya namna gani kwa jukwaa hilo? Na wasichana wakiuliza "mtu wa hapa anaanzia wapi?", niwape saa na masharti ya kweli, si "ukitaka utaweza".

BibiMaktaba

Mwalimu, anza na jina. Ubaroni haukuwepo. Alizaliwa Paris tarehe 22 Agosti 1882, jina la nyumbani Élise Deroche, na baba yake alikuwa fundi wa mabomba ya maji. "De Laroche" ni jina la jukwaani. "Baroness" ni la magazeti: Flight la Uingereza lilimwita hivyo Oktoba 1909, nalo likamganda mpaka leo. Msilifute, lionyesheni likizaliwa. Muuza magazeti anapaza sauti "Baroness arusha ndege!", na mzee wa mabomba anauliza ni binti wa nani huyo. Watu watacheka, na ukweli utakuwa umepita.

Wizi wa ndege uondoeni. Gazeti lilelile liliandika kwamba alikuwa amekwisha kufundishwa kwa muda na Château, mwalimu wa kampuni ya Voisin kwenye uwanja wa Châlons, na kwamba Ijumaa tarehe 22 Oktoba aliachiwa usukani kwa mara ya kwanza. Alikwenda kama mita 270, akatua. Kesho yake aliuzunguka uwanja mara mbili, karibu kilomita 6, upepo ukivuma. Hadithi ya mwanafunzi mkaidi aliyeambiwa asipae akapaa ni tamu, lakini kona za siku ya pili ni kona za mtu aliyefunzwa.

Sasa Machi 8. Ni kweli breve (leseni) yake, namba 36 ya Aéro-Club de France, ni ya tarehe 8 Machi 1910. Lakini siku hiyo haikuwa Siku ya Wanawake ya mtu yeyote. Wazo la siku ya kimataifa lilipitishwa Copenhagen mwezi Agosti mwaka uleule, bila kutaja tarehe. Machi 8 ilipata uzito wake kutokana na maandamano ya Petrograd, Urusi, ya 1917, na Umoja wa Mataifa ulianza kuiadhimisha 1975. Kwa hiyo wanawake wenye vitenge wakishangilia mwaka 1910 ni sisi tunajirudisha nyuma. Mkitaka shangwe, mhusika wa leo atoke pembeni, aseme yeye ni wa leo.

Pia msiseme "wa kwanza kurusha ndege". Thérèse Peltier, mchongaji wa sanamu, alikwisha kuruka peke yake nchini Italia mwaka 1908. Semeni "wa kwanza kupewa leseni".

Na kuna onyesho ambalo andiko lenu limeliruka kabisa: Heliopolis, karibu na Kairo, Februari 1910. Alishiriki mashindano ya ndege kule kabla breve yake haijatolewa. Afrika ilimwona hewani mwezi mmoja kabla Paris haijampa karatasi. Mimi ningeanzia hapo.

Mengine kwa ufupi: 8 Julai 1910 alianguka Reims akaumia vibaya sana. 1912 ajali ya gari ilimuua Charles Voisin, wa kampuni ile ya ndege, yeye Laroche akaumia tena. 25 Novemba 1913 alipata Coupe Femina, kombe la marubani wanawake, kwa kukaa hewani saa 4 na kwenda kilomita 323 bila kutua. Vita vilipoanza wanawake walikatazwa kurusha, akaendesha magari ya jeshi. Juni 1919 alipanda karibu mita 4,800, rekodi ya wanawake. 18 Julai 1919 alikufa Le Crotoy, ndege ya majaribio ilipopiga mbizi ikikaribia kutua.

FundiLuano

Nijibu la kiti na mikono.

Voisin ya mafunzo yake ilikuwa na kiti kimoja. Mwalimu alisimama chini. Masomo yalikuwa ya kuendesha ardhini kwanza: kuwasha, kwenda moja kwa moja, kuzima, kugeuza kwa kusukumwa na mafundi, kurudi. Mwalimu alipaza sauti kabla injini haijawashwa, kwa sababu baada ya hapo husikii kitu. Kwenye mchezo wenu basi mwalimu abaki kwenye nyasi, aonekane mdogo, na akionyesha kwa mikono tu. Inatisha zaidi kuliko kushikwa mabega.

Ndege yenyewe: kisanduku cha mabawa mawili, moja juu ya jingine, mbele kuna ubao mdogo wa kupandisha na kushusha pua, nyuma kuna kisanduku kingine cha mkia chenye usukani wa kugeuzia katikati yake. Injini iko nyuma ya mgongo wa rubani, na elisi (propela) iko nyuma ya injini, inasukuma, haivuti. Voisin zilifungwa injini mbalimbali, Antoinette, E.N.V., Gnome, nguvu ikiwa karibu farasi 50. Mbele ya rubani hakuna kioo wala kifuniko, ni miguu yake na hewa.

Mikononi ana gurudumu moja kama la gari. Ukilisukuma mbele, pua inashuka, ukilivuta, inapanda, ukilizungusha, usukani wa mkia unageuka. Basi. Hakuna kitu cha kulaza au kuinua bawa. Eleroni, vibao vya mabawa vya kufanya kazi hiyo, ambazo karibu kila ndege ya leo inazo, Voisin hiyo haikuwa nazo. Badala yake walisimamisha mapazia ya kitambaa kati ya bawa la juu na la chini, ili ndege isiteleze kwa ubavu.

Hapo ndipo matatizo yote yanapotoka. Ukizungusha gurudumu kwenda kushoto, bawa la kulia linakwenda kasi zaidi kuliko la kushoto, linapata nguvu zaidi, linainuka lenyewe. Likiinuka kidogo, vizuri. Likizidi, huna cha kulirudisha ila kuzungusha gurudumu upande wa pili na kusubiri, na kusubiri kunahitaji kimo ambacho huna, maana uko mita chache kutoka ardhini. Kwa hiyo kona zilipigwa pana na bapa, kama lori lenye mzigo mrefu. Mwambie msichana wako asilale na ndege kama mtu wa pikipiki. Akae wima, kona ije polepole.

Na ndiyo maana Reims ilimshinda. Habari za siku ile zilitaja ndege nyingine iliyompita karibu. Kila bawa linaacha nyuma yake hewa inayojisokota. Ukiingia humo, bawa lako moja linasukumwa chini. Ndege yenye eleroni inapambana. Voisin inabiruka.

Kosa la pili la wanafunzi wa wakati ule: kuvuta gurudumu kupita kiasi ili kupanda haraka. Mwendo wa ndege hizo ulikuwa karibu kilomita 55 kwa saa, na mwendo wa kuanguka haukuwa mbali chini yake. Ukivuta sana, mwendo unakwisha, bawa linaacha kubeba, pua inaanguka. Dawa ni kusukuma mbele, jambo ambalo mwili unakataa ukiiona ardhi inakuja.

La tatu ni injini. Antoinette ilipeleka petroli kwenye silinda kwa pampu na mirija myembamba. Uchafu kidogo tu, mrija unaziba, silinda moja inanyamaza. Safari nyingi za wakati ule ziliisha hivyo, si kwa ushujaa wala woga.

Nyongeza kwa watu wa hapa. Châlons ni tambarare ya chini. Luano, uwanja wa ndege wa Lubumbashi, iko karibu mita 1,300 juu ya bahari. Mchana wa Oktoba, joto likiwa 32, hewa ya Luano ni nyepesi kama hewa ya mita 2,200 kwa siku ya kawaida, pungufu kwa karibu asilimia 20. Injini ya farasi 50 inabaki na kama 40, bawa linataka mwendo zaidi kwa karibu asilimia 12 ili kubeba uzito uleule, na elisi nayo inasukuma hewa nyepesi. Voisin ile pengine ingekimbia uwanja mzima wa Luano bila kupaa, au ingepaa mita moja na kukaa hapohapo. Ndege ndogo za mafunzo za leo zinapata adhabu hiyohiyo, ila zina nguvu ya akiba.

SeremalaKatuba

Voisin ya kweli ilikuwa na mabawa ya mita 10 kwa urefu na mita 2 kwa upana, na mwili wa karibu mita 12. Mkiigawa nusu, mwili unakuwa mita 6 na jukwaa lenu lina kina cha mita 5: mkia utakaa kwa watazamaji. Tumieni sentimita 40 kwa kila mita. Mabawa mita 4 kwa sentimita 80, mwili mita 4.8. Ikae mshazari kidogo, pua kuelekea watu.

Kitu kimoja msifuate kipimo: nafasi kati ya bawa la juu na la chini. Kwa kipimo hicho inakuwa kama sentimita 60, na msichana aliyekaa anahitaji karibu 85 toka kiti hadi utosi. Wekeni mita 1 kamili. Hakuna mtazamaji atakayelalamika, ila FundiLuano.

Mianzi: minne ya mita 4 kwa mabawa (miwili kila bawa), nguzo 8 za mita 1, mirefu 4 ya mita 2.4 ya kwenda mkiani. Mbavu ni mianzi iliyopasuliwa, vipande 22 vya sentimita 80, kimoja kila sentimita 40. Mianzi ikauke kivulini wiki tatu. Ukifunga mibichi, inasinyaa na kila fundo linalegea siku ya maonyesho, si kabla. Kufungia, kateni mpira wa ndani wa kinga (baiskeli) kuwa mikanda ya sentimita 2. Unavutwa, unazungushwa, unashika kuliko kamba, na misumari inapasua mwanzi.

Fremu ya miraba bila waya za mshazari inalala upande kama kiti kibovu. Nguzo nane zinaleta vyumba vitatu mbele na vitatu nyuma. Wekeni msalaba wa kamba kila chumba, isipokuwa cha katikati mbele, pale anapokaa rubani. Ni kamba 10 za mita 1.7, pamoja na za mkia nunueni mita 30 za nailoni. Kaza zote kidogo kidogo kwa zamu. Ukimaliza moja kabisa ndipo uende nyingine, fremu inapinda na haitarudi.

Kitambaa: mabawa mita za mraba 6.4, mapazia manne 3.2, kisanduku cha mkia karibu 2.9, ubao wa mbele 0.6. Jumla kama 13. Amerikani ya upana wa sentimita 90 inataka mita 15, nunueni 17 kwa sababu ya pindo. Baada ya kushona, pakeni uji mwepesi wa unga wa muhogo, kikombe kimoja kwa vikombe nane vya maji, upikwe na kuchujwa. Ukikauka kitambaa kinakaza kama ngoma. Ukiwa mzito unapasuka na kuleta panya. Machi ni mvua bado, kitambaa kitalegea usiku. Kipakwe tena upande wa chini asubuhi ya maonyesho.

Msichana asikalie bawa. Wekeni kigoda cha mbao sakafuni, bawa la chini likate nafasi kukizunguka. Magurudumu mawili ya mbele ya kinga ya mtoto, inchi 16. Elisi ya karatasi ngumu, sentimita 90, mafundi waizungushe kwa mkono kutoka nyuma, ndani ya mianzi ya mkia. Ndivyo ilivyokuwa kweli: fundi aliingia kwenye kizimba cha mkia kuivuta elisi, na kutoka kwa haraka. Msifunge feni ya kweli. Nywele.

MwalimuKampemba

Aksanti sana Bibi, aksanti Papa Fundi, aksanti Seremala. Mavazi je? Tulikuwa tumeshona gauni la velvet. Na lile swali la mwisho bado.

BibiMaktaba

Velvet iende Heliopolis, kwenye karamu. Kwenye Voisin picha zinamwonyesha na sweta nzito la kola ndefu. Sketi pana ilikuwa hatari: Oktoba 1908 Edith Berg, abiria wa Wilbur Wright huko Le Mans, ilibidi afunge sketi yake kwa kamba chini ya magoti. Mkitaka kichekesho cha sekunde kumi, hicho hapo.

BrevetNaSaa

Mwalimu, la "anaanzia wapi". Leseni Kongo inatolewa na Autorité de l'Aviation Civile, na viwango vya chini ni vya ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, vilevile duniani.

Hatua ya kwanza si shule, ni daktari. Anayetaka kazi ya urubani anahitaji cheti cha afya cha daraja la 1, kutoka kwa daktari aliyeidhinishwa kwa anga. Macho, rangi, masikio, moyo. Watu wanalipa minerval (ada) ya shule nje ya nchi, halafu baada ya miezi sita wanagundua hawatofautishi kijani na nyekundu. Daktari kwanza, pesa baadaye.

Leseni ya binafsi: miaka 17, saa 40 za kuruka (35 kama shule imeidhinishwa kwa mpango huo), kati yake 10 peke yake, 5 kati ya hizo zikiwa za safari, na safari moja isiyopungua kilomita 270 yenye kutua kabisa kwenye viwanja viwili tofauti. Kwa kipimo chetu: Luano hadi Kolwezi kwa mstari wa hewa ni kama 240. Kwenda na kurudi kilomita zinatosha, lakini umetua Kolwezi tu kabla ya kurudi ulikotoka. Ongeza kituo. Wengi wanakataliwa daftari kwa hilo.

Leseni ya biashara: miaka 18, saa 200 (150 katika mafunzo yaliyounganishwa ya shule iliyoidhinishwa). Ya rubani wa shirika: miaka 21, saa 1,500. Wasichana wa miaka 14 wakisikia 1,500 watashtuka, waambie hizo zinajazwa kazini, hakuna anayezinunua zote.

Lugha: redioni Kifaransa kinakubaliwa panapotumika, lakini nje ya anga la Kifaransa ni Kiingereza, daraja la 4 angalau, na daraja hilo linaisha baada ya miaka mitatu. Hesabu na fizikia za shuleni zisiachwe. Yale aliyoeleza FundiLuano kuhusu hewa nyepesi ni swali la mtihani.

Mwanafunzi_wa_Mchezo

Shikamoo wakubwa. Mimi ndiye nitakayeigiza Raymonde. Mtu aliyezoea jukwaa anapata faida yoyote kwenye urubani, au ni hadithi?

BrevetNaSaa

Marahaba. Faida ipo moja kubwa: kurudia maneno ya mwingine bila kuyabadilisha. Mnara ukikupa kimo na uwanja wa kutua, unayarudisha yaleyale kwa mpangilio, pamoja na jina la ndege yako. Waigizaji wanashika haraka.

Hasara zipo mbili. Sauti ya jukwaani inaharibu redio: ukipaza, maneno yanakatika. Mdomo karibu na maikrofoni, sauti ya mazungumzo, bonyeza, ngoja nusu sekunde, sema. Ukianza kusema kabla, neno la kwanza linamezwa, na mara nyingi ndilo jina la ndege. Hasara ya pili ni kukariri orodha ya ukaguzi. Mwigizaji anaijua siku ya tatu na kuacha kuisoma. Orodha inasomwa kila siku, kidole kikiwa juu ya mstari. Siku utakapoikariri ndiyo siku utakayoruka kifuniko cha petroli.

MamaRuashi

Mimi nina ugomvi mdogo. Mwalimu anataka mtu aliyefungulia wengine mlango. Laroche hakuzunguka akihubiri, alirusha. Aliyefanya kazi hiyo ni Bessie Coleman, na njia zao zinakutana palepale Le Crotoy. Laroche alikufa hapo Julai 1919. Coleman, Mmarekani mweusi ambaye hakuna shule ya kwao iliyomkubali, alijifunza kwenye shule ya Caudron palepale, akapata leseni ya kimataifa 15 Juni 1921. Aliporudi Marekani alijipatia riziki kwa maonyesho ya hewani, na alikataa kuruka mahali ambapo weusi hawakuruhusiwa kuingia pamoja na weupe. Alihutubia ili kupata fedha za shule ya urubani. Alikufa 30 Aprili 1926 Jacksonville, kwenye mazoezi, baada ya spana iliyolegea kunasa kwenye gia za usukani. Alikuwa hajafunga mkanda kwa sababu alikuwa akichungulia mahali pa kuruka na mwavuli.

Mwalimu, badala ya karamu ya Machi 8, msichana wa pili aingie kwenye uwanja uleule wa Le Crotoy, akiwa na sanduku, akisema Kifaransa cha mtu aliyejifunza juzi.

FundiLuano

Mama Ruashi kasema kweli, na spana hiyo ifundishwe kwenye kila karakana. Vifaa vinahesabiwa kabla na baada.

MwalimuKampemba

Tumelikata andiko: Heliopolis, Châlons, Reims, 1919, halafu Coleman na sanduku. Karamu imeondoka, ubaroni umebaki kwa muuza magazeti. Swali la mwisho kwa FundiLuano: anapopaa mara ya kwanza, mikono ionekane vipi kwa mtu aliyeko safu ya nyuma?

FundiLuano

Mafundi wawili wameshika mkia, injini inanguruma. Yeye anainua mkono wa kushoto, wanaachia. Gurudumu liko mbele kidogo, anahesabu kimoyomoyo hadi nane, hapo anavuta sentimita tano tu, si hadi kifuani. Halafu, na hapa wengi wanakosea, anasukuma mbele tena sentimita tatu mara moja, kwa sababu ubao wa mbele uko mbali na pua inapanda upesi kuliko mtu anavyotegemea. Vuta tano, rudisha tatu, shikilia. Afanye mazoezi na sufuria ya duara mikononi mpaka aache kulitazama gurudumu.